Kindi na Ua Lililonyolewa

Hapo zamani za kale, na wewe uliyeko nyuma ukiendelea kumfinya mwenzio sisimulii, Kindi alikuwa jirani wa Kiboko.

Kindi alikuwa anamwoza binti yake, Chausiku. Sasa, kwa kina Kindi, bibi arusi haendi kwa mumewe bila ua la kupanda kutoka kwa mama yake. Hakuna ua, hakuna arusi! Na maua ya Kindi yote yalikuwa yamekauka kwa jua. Kijiji kizima lilibaki moja tu, sebuleni kwa Kiboko, ndani ya kopo, likitambaa ukutani mpaka darini.

"Hodi, Bwana Kiboko! Nigawie kitawi kimoja tu, mwanangu anaolewa."

"Thubutu!" Kiboko akafoka. "Ua hili ni langu peke yangu!"

Kindi akaenda kulia nyuma ya nyumba. Alipomaliza, akafuta pua, akarudi na mkasi.

"Yaishe, jirani. Lakini mbona ua lako unaliacha na minywele yote hiyo? Linaelemewa, maskini. Si ulinyoe?"

Kiboko akalitazama. Kweli, limejaa! "Haya, ninyolee. Lakini nakujua wewe! Unaitaka mizizi. Mizizi hupati ng'o!"

Akalikalia kopo, puu!

Kindi akakata, kacha! kacha! Kila kitawi alikikata chini ya kifundo, pale jani linapochipukia. Kiboko hana habari, anapapasa kopo lake tu.

"Na haya makapi, jirani?"

"Katupe huko! Uchafu mtupu."

"Asan... aa, haya, jirani."

Mbio mpaka nyumbani! Akavitumbukiza vitawi kwenye chupa za maji, akaziweka dirishani. Wiki chache tu, vifundo vikatoa mizizi myeupe. Kindi alicheza ngoma peke yake jikoni kwa furaha.

Na Kiboko je? Bado kakalia kopo! "Nikiinuka tu, atakuja kuchimba," anajisemea. Mpaka siku ya arusi, harufu ya pilau ilipomfikia. Hapo akainuka, hata nyuma hakugeuka.

Kufika, anamwona Chausiku kabeba ua.

"Mwizi! Umechimba mizizi yangu!"

"Mizizi si uliikalia mwenyewe?" Kindi akamjibu. "Mimi nilitupa uchafu, kama ulivyonituma. Nikautupa ndani ya maji."

Wageni wakacheka, kwa, kwa, kwa! Kiboko akakimbia kwake kuhakikisha. Lo! Kopo limekuwa bapa kama chapati, na ua limekauka kau!

Akarudi polepole, kichwa chini.

"Mama Chausiku... huna kitawi kimoja?"

Kindi akachukua mkasi.

"Ninacho. Lakini hiki usikikalie."

Mimi niliwaacha hapo wakigombania ukoko wa pilau. Nanyi mkiwa na ua zuri, mgawieni jirani, maana lenu likifa mtalikuta kwake.