Koki ya Mzee Kiboko

Jamani, niwashe?

*Washa!*

Niwashe kwa kuni gani?

*Kwa kuni za hadithi.*

Basi sogeeni karibu, ila mnene asikae mbele akatuzibia moto.

“Sijasema umeiba, Mzee Kiboko. Nimesema maji hayafiki.”

“Na mimi nasema yanafika. Labda wewe ni mfupi mno, yanakupita juu.”

Bi Pimbi alikuwa amesimama uani kwa Kiboko, mzigo wa kuni bado uko kichwani. Majirani walikuwa nje wakichungulia na kujifanya wanapita.

Huko kwao mlimani baridi haina adabu. Ukungu huingia ndani bila hodi, ukapanda kitandani. Ndiyo maana wanyama walikubaliana watafute pipa kubwa la chuma, waliweke juu ya mafiga, kisha wafunge bomba literemke nyumba hadi nyumba. Kila mmoja alete kuni, kila mmoja aoge maji ya moto. Mzee Kiboko akajitolea pipa likae kwake. Alisema yeye ni mzito, na mwizi hawezi kuiba kitu alichokiegemea. Wakamshukuru, wakampigia na makofi.

Tangu siku hiyo kuni zilipanda, maji hayakushuka. Nyuma ya nyumba ya Kiboko, pale bomba linapoanza kuteremka, palikuwa na valvu yenye kigurudumu chekundu cha kuzungushia. Kiboko alikuwa ameikaza mpaka mwisho. Asubuhi anaoga. Mchana anaoga. Jioni analala ndani ya beseni, pua tu ndiyo iko nje. Majirani wakiuliza, huambiwa bomba limeingia hewa, na hewa haina haraka.

Sasa Bi Pimbi alikuwa na mtoto mdogo, Kitunda, kifua kimembana. Usiku meno yake yalikuwa yakigongana, tatata, tatata. Asubuhi hiyo mama yake alikuwa amemwahidi kwamba leo ataoga maji ya moto. Basi hakuwa tayari kurudi nyumbani na maneno matupu.

Mara akasikia sauti kutoka bafuni.

To. To. To.

“Koki yako inadondosha, mzee,” akasema taratibu.

Uso wa Kiboko ukabadilika. Jirani kutetemeka kwa baridi hakukumnyima usingizi. Tone kupotea bila kumgusa mwili wake, hilo lilimkondesha, kama angeweza kukonda. Akaeleza kwamba kila siku anaikaza koki ile kwa nguvu zake zote, na kila akiikaza inazidi kudondosha.

Bi Pimbi akatua kuni, akamwambia kwamba hapo ndipo anapokosea. Ndani ya koki mna kipande kidogo cha mpira. Ukikaza kwa hasira, unakisaga. Dawa yake ni kukata kipande kingine kutoka kwenye ndala kuukuu. Unafunga maji kwanza pale kwenye pipa, unafungua koki kwa spana, unabadilisha mpira, basi. Chai haijachemka, kazi imekwisha.

“Kufunga maji?” Kiboko akauliza. “Hapa kwangu? Fungua hivyohivyo.”

Bi Pimbi akamwambia tena maji hufungwa kwanza. Kiboko akakataa. Akamwambia mara ya tatu. Kiboko akakataa mara ya tatu.

“Haya,” akasema Bi Pimbi. “Asiyefunga kwa valvu hufunga kwa kidole.”

Wakaingia bafuni, akashika spana ya Kiboko. Kwi, kwi, kwi, koki ikatoka. Pwaaa! Maji ya moto yakaruka mpaka darini. Kiboko akachomeka dole gumba kwenye tundu, maji yakatulia. Bi Pimbi akamwomba asilitoe, la sivyo kitanda chake kitajifunza kuogelea.

Maji yakasukuma dole. Dole likasukuma maji. Likaanza kuiva. Kiboko akauliza kama hakuna namna ya kulipumzisha. Bi Pimbi akajikuna sikio, akasema maji ni kama wageni: ukiwazibia mlango wa mbele, wape wa nyuma. Yakipata pa kuteremkia, dole litapumua. Lakini yeye ni nani hata aguse valvu ya mzee, na ufupi wake huu?

“Fungua, mama,” akasema Kiboko. “Fungua yote.”

Bi Pimbi akaenda nyuma, akazungusha kigurudumu chekundu mpaka mwisho. Bomba likakohoa, likacheua, kisha likaanza kuimba likielekea bondeni: shaaaa. Akakichomoa kigurudumu, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kutafuta ndala kwa majirani.

“Bado?” Kiboko akawaita majirani waliokuwa nje.

“Bado, mzee.”

Akaja Digidigi na ndala mkononi, masikio yanafuka mvuke. Ikaonekana nyembamba.

“Bado?”

“Bado, mzee.”

Akaja Nungunungu na ndala yake, miiba imelala kwa ulaini. Ikaonekana ngumu. Hata Kobe akafika, jua limeshapinda, ananukia sabuni. Ya kwake ilikuwa imetoboka.

“Mbona nyote mnafuka?” Kiboko akauliza.

“Ni ukungu, mzee.”

“Ukungu wenye povu?”

“Ukungu wa siku hizi, mzee.”

Jua lilipokuwa linazama, Bi Pimbi akarudi, Kitunda mgongoni amelala, pumzi zake laini. Akaitazama miguu ya Kiboko. Akasema mpira unaofaa ni ule uliolainishwa na mtu mzito, na kwa kawaida ni wa mguu wa kushoto. Kiboko naye akatazama chini. Ndala yenyewe alikuwa ameisimamia kutwa nzima.

Akaivua. Bi Pimbi akafunga maji pale kwenye pipa, na safari hii hakuna aliyebisha. Akakata kiduara, akakipachika, akarudisha koki, akakaza kwa vidole viwili tu. To ikanyamaza. Akafungulia maji, akaenda zake.

Kesho yake Kiboko akaenda nyuma ya nyumba kuikaza valvu. Kigurudumu hakipo. Kimebaki kijiti chembamba, na kila akikishika kinateleza kwenye vidole vyake vinene.

Hadithi yangu nimeikaza, isije ikadondosha. Anayeitaka na ailetee spana.

Funzo lake, wenzangu, ni hili: mkitengeneza koki nyumbani, kamwe msifunge maji kwanza, maana vidole mnavyo. Na mkubwa akijitolea kuwatunzia kilicho chenu nyote, mwaminini.

Kiboko je? Alikwenda kwa Bi Pimbi kuulizia kigurudumu, mguu mmoja una ndala, mwingine peku. Akapiga hodi. Ndani watoto walikuwa wakirushiana maji. Bi Pimbi akafungua mlango nusu, akamtazama toka juu mpaka chini, akamwambia:

“Karibu, mzee. Ila hapa kwetu ndala huvuliwa mlangoni. Hata hiyo moja.”