Kiapo cha Akina Valdemora

Zamani, Uhispania ilipokuwa na majemadari wengi kuliko vita, Jemadari Don Rodrigo de Valdemora, mwana na mjukuu wa majemadari wa jina hilohilo, alifika na askari wake kumnyang'anya mjane Kasilda jengo la kinu cha kusagia ngano kilichowalisha wanawe.

"Mfalme alimpa Don Rodrigo kinu hiki!" akanguruma jemadari.

"Rodrigo yupi, Mheshimiwa?"

"Yupi, yupi! Jina moja, damu moja. Cha mmoja wetu ni cha wote."

"Na kiapo cha mmoja wenu?"

"Kinatufunga sote!" Askari wakashangilia.

Kasilda akamsogezea kiti. "Basi karibu tena, mateka wetu. Babu yangu alimkamata Don Rodrigo kajificha kwenye pipa la unga. Akaapa hatashika upanga wala kutoka humu mpaka akombolewe. Akaomba kwenda haja, asirudi; leo ndiyo kwanza tunamwona tena. Upanga tundika pale."

Askari wakakodolea macho viatu vyao.

"Huyo alikuwa Rodrigo mwingine!" akafoka jemadari.

"Loo! Basi hata aliyepewa kinu ni huyohuyo mwingine. Safari njema, Mheshimiwa."

Vumbi la farasi lilipotulia, bintiye akanong'ona, "Mama, kweli babu yako alimteka jemadari?"

"Babu? Alikuwa akiwakimbia hata bata."