Tundu la Bakuli

Kisa hiki nilikipokea mkekani, nikiwa nimeketi kama mlivyoketi nyinyi, na walionipa nao walipewa. Undani wake anaujua Mola peke yake.

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa milimani, upande wa Yemen, aliishi mja mwema aliyeitwa Zakwani bin Adi, mtunza nyakati wa msikiti. Zama hizo saa ya mishale na magurudumu ilikuwa haijafika huko. Msicheke. Nyinyi mna saa mkononi, saa ukutani na saa kwenye simu, na bado mnaingia msikitini imamu yuko kwenye tahiyatu.

Saa ya Zakwani ilikuwa bakuli la shaba lenye tundu dogo chini, tundu la kupita unywele. Aliliweka juu ya maji ndani ya beseni, maji yakaingia polepole, na lilipojaa likazama. Kuzama mara moja ni saa moja. Adhuhuri aliijua kwa kivuli cha kijiti uani, kwa maana asubuhi huko kulikuwa kweupe. Lakini alasiri haijafika, ukungu hupanda kutoka bondeni, na jua halionekani tena mpaka kesho. Kwa hiyo watu walitegemea bakuli. Likizama mara ya sita tangu adhuhuri, ndiyo saa kumi na mbili, jua limetua. Hapo Zakwani hugonga upatu, na muadhini akiusikia huadhini. Babu yake aliugonga upatu ule, na baba yake pia.

Basi mwaka mmoja, siku ya mwisho ya Shaabani, Zakwani alilisugua bakuli kwa limau na majivu hata likang'aa. Akaona tunduni kuna chokaa ya maji. Baba yake alimuusia chokaa isafishwe kwa ncha ya unyoya tu, chuma kisiguse tundu abadan. Lakini siku ile moyo wake ulijaa furaha ya mwezi mtukufu, unyoya hakuuona, sindano ilikuwa karibu. Akachokoa, bismillahi, mpaka tundu likawa safi. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na hiyo nia njema ndiyo iliyomponza.

Ramadhani ikaingia, watu wakafunga. Asubuhi ya siku ya kumi na nane akaja nyumbani kwake bibi mmoja msokota uzi, jina lake Nusaiba, mjane mcha Mungu aliyekuwa haoni vizuri.

Akasema, "Mwanangu Zakwani, nimekuja uniombee dua. Mkono wangu unakufa. Miaka yote, tangu adhana ya adhuhuri mpaka magharibi, nasokota madonge matatu ya uzi. Tangu mwezi uandame, donge la tatu halimaliziki."

"Ni swaumu hiyo, mama. Na umri nao."

"Swaumu! Hii ni Ramadhani yangu ya hamsini na tisa. Haijapata kunipunguzia donge hata moja. Na yaelekea ni ya mwisho, nami naitaka ikamilike."

Zakwani akamwombea, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi ndani hakuweza kukaa. Akafungua kasha, akatoa bakuli la baba yake lililowekwa akiba, akayaweka yote mawili majini kwa pamoja. Muadhini, Hudhaifa, alikuwa amepita kumsalimia, akaketi kutazama. Lile alilolichokoa likazama. La baba yake likabaki linaelea. Zakwani akaanza kusoma Kul-huwallahu, akairudia mara kumi na tano, ndipo lile la pili likazama.

Ya Rabi! Kumi na tano kwa kila saa, na kwa saa sita? Sindano ilikuwa imelipanua tundu. Kwa siku kumi na saba mji mzima ulikuwa umefuturu jua likiwa bado liko mbinguni, nyuma ya ukungu.

Zakwani akajishika kichwa. Hudhaifa akamwambia kwa upole, "Sheikh, leo tumia bakuli la mzee. Hili lirudishe kashani, na maneno yaishie hapa hapa. Watu wamefuturu kwa nia safi. Ukisema, utawavuruga nyoyo, na upatu huu hutaugonga tena maishani."

Nakuambieni kweli, na mimi ningelishawishika. Zakwani naye alishawishika. Siku ile alitumia bakuli la baba yake, akanyamaza, watu wakafuturu kwa wakati wake. Alikula tende moja, nyingine akazirudisha.

Kesho yake, siku ya Ijumaa, Nusaiba akarudi asubuhi na mapema akitabasamu. "Alhamdulillahi! Jana donge la tatu limemalizika. Kumbe mkono mzima, mwanangu. Ni uvivu tu ulioniingia, nami nilikuwa nasingizia uzee. Nimemlilia Mola anisamehe uvivu wangu wa siku kumi na saba."

Zakwani akatazama chini. Bibi wa watu anatubia dhambi asiyoifanya, na mwenye kosa amesimama mbele yake, kanyamaza. Machozi yakamtoka. "Mama," akasema, "mkono wako haukukosea hata siku moja. Njoo msikitini leo."

Baada ya sala ya Ijumaa alisimama, bakuli mkononi, akaeleza yote: sindano, tundu, na jinsi alivyojua jana akanyamaza. Hata hilo hakulificha. Akainuka Shaddadi, mtia rangi nguo, mtu wa hasira za karibu, akapaza sauti:

"Siku kumi na saba! Mke wangu amefunga na mimba yake, akitapika, akikataa kula mpaka asikie upatu wako. Leo unamwambia zote si kitu?"

Zakwani akasema, "Una haki, ndugu yangu. Afadhali unikasirikie hapa kuliko unidai mbele ya Mola." Akaliweka bakuli miguuni pa kadhi. "Atafutwe mwingine."

Kadhi, mzee Mundhiri, akaliinua bakuli, akalitazama tundu lake, akasema, "Aliyekula akidhani jua limetua hana dhambi, ila siku yake ataifunga tena. Tutazifunga, nami wa kwanza. Mwenye mimba atangoja mpaka aweze. Na wewe Zakwani, upatu utaugonga. Lakini tangu leo bakuli la baba yako litawekwa majini mbele ya macho ya watu, si ndani kwako."

"Nitakaa mimi kulitazama!" akasema Shaddadi, bado kanuna. Na wallahi alikaa, kila siku, haondoi macho kwenye maji.

Idi ikapita. Siku ya pili ya Shawwali mji ukaanza kuzilipa zile siku kumi na saba. Nusaiba alikuwa amedhoofika sana, majirani wakimsihi ale. Akawajibu, "Niacheni, hazijabaki nyingi." Siku ya kumi na saba, Zakwani alipokwisha kugonga upatu alichukua tende na maji, akaenda kwake mbio. Akamkuta amelala, uzi mapajani, tende za majirani ziko pembeni hajazigusa. Alikuwa anamngoja.

"Zakwani. Hiyo saa kumi na mbili, ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, mama. Shaddadi ameshuhudia."

"Basi nipe." Akala tende moja, akanywa mafunda mawili, akashukuru. Isha haikumkuta. Walipokuja kumwosha waliona madonge matatu ya uzi, la tatu limemalizika.

Ndugu zangu, lau Zakwani angenyamaza, yule bibi angekwenda kaburini na siku kumi na saba pungufu, tena akijiita mvivu. Saa za leo hazina tundu wala haziingii chokaa. Lakini kila mmoja wetu, mzazi, mwalimu, muuza dawa, yuko mtu anayefuturu kwa upatu wake. Tukikosea, Mola atupe ulimi wa kusema mapema, yule mtu akiwa bado hai wa kuzilipa siku zake.