Undugu na Mwenyekiti

Paliondokea halmashauri moja ambako zabuni zilizaliwa tayari zina wenyewe. Siku ya zabuni ya madawati, mwenyekiti wa kamati, Bwana Lihinda, alitaka kila mzabuni atangaze hadharani kama ana undugu na mjumbe yeyote. Mwenye undugu, nje.

"Sina," aliapa Komba, mzabuni wa kwanza, tai ikimkaba.

Ikafika zamu ya Bi Sikudhani, fundi seremala. "Mimi ninao. Mke wa mwenyekiti ni dada yangu, baba mmoja, mama mmoja."

Bwana Lihinda alifura. "Mama huyu mwongo. Kwao mke wangu walizaliwa wawili tu, yeye na Komba huyu hapa."



"Basi nafuta kauli yangu, mwenyekiti," alisema Bi Sikudhani, akiketi taratibu. "Tunamsubiri Komba afute yake."