Njia ya Tangawizi Isiyo na Jina

Sogeeni karibu, ukungu unaingia, na hadithi hii haisimuliwi kwa kupayuka. Wewe unayecheka pale nyuma, subiri nimalize kwanza.

Kilikuwako kijiji juu milimani, ambako ukungu uliingia majumbani bila hodi ukakaa mpaka saa nne. Watu wake walilima tangawizi, na desturi yao ilikuwa hii: kila njia iliitwa kwa jina la mtu aliyeifungua.

Humo waliishi watu wanne wenye vipawa. Nanzia alikuwa na sauti. Akiita shambani, bonde zima liliitika, hata ng'ombe waligeuka. Shangazi yake, Nakijwa, alikuwa na mikono. Mtu akipatwa na baya, yeye alimwogesha kwa maji ya majani ya tangawizi, kisha nguo zake akaziachia kijito, na watu wakasema balaa limekwenda nazo. Mbonea, dereva wa bodaboda, alikuwa na masikio. Ndani ya ukungu alisikia korongo liko upande gani, akapita. Na Namsifu, jirani yao mkimya, alikuwa na kumbukumbu. Hakusahau kitu.

Asubuhi moja Nanzia alishika njia ya shambani. Akakutana na Elikana, mnunuzi wa tangawizi, mtu wa kupewa kiti cha mbele kila shughuli. Elikana akambaka. Nalitamka neno lenyewe, maana pale kijijini walikuwa na maneno laini ya kulifunika, na mimi siyataki.

Nanzia akarudi nyumbani, sauti imemkauka. Shangazi alipomwona alielewa, akabandika chungu cha maji.

"Nioshe, shangazi," Nanzia akanong'ona. "Nioshe nisahau."

Nakijwa akakiepua chungu motoni. "Mwanangu, nikikuosha sasa namwosha yeye." Akayamwaga maji yote uani huku analia. Akambadilisha nguo, khanga aliyoivaa akaitia kwenye mfuko wa karatasi. "Tunakwenda polisi."

Wakamkuta Mbonea barabarani. Hapo sasa! Elikana alikuwa mjomba wake, na pikipiki ile Elikana ndiye aliyemnunulia.

"Nani kafanya?" Mbonea akauliza. Nakijwa akamwambia. Kijana akainamia usukani.

"Mama, mjomba ataninyang'anya pikipiki."

"Najua, baba."

"Haya, pandeni."

Wakapanda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, wakashuka ndani ya weupe ule kana kwamba mlima umeyeyuka chini yao. Mbonea alisikiliza korongo. Shangazi alimshika Nanzia kiunoni, hakumwachia mpaka kituoni.

Kule kituoni kulikuwa na dawati la jinsia, na afande mmoja wa kike akawatia chumba cha peke yao. "Dada, umefanya vizuri kuja mapema," akasema. "Sema unavyoweza. Ukichoka, tutapumzika."

Nanzia akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikakatika, akaianza upya, mpaka yote yakaisha. Kisha wakampeleka hospitali. Daktari akampa dawa za kumkinga na maradhi, akachukua ushahidi, na khanga ile nayo ikapokelewa.

Elikana akakana kabisa. Wazee wakaitisha kikao, wakitaka mambo yaishe nyumbani kwa mbuzi mmoja na pombe ya miwa. Tayari mbuzi alikuwa amefungwa mtini, analia. Ndipo Namsifu akasimama, mumewe ameketi pembeni yake, hajui lolote.

"Na mimi," akasema. "Mtu huyo huyo, njia hiyo hiyo. Nakumbuka alivyokuwa akipiga mluzi, nakumbuka shati lake. Mliniogesha, nguo zangu zikaenda na maji. Mimi sikwenda nazo."

Nakijwa akapiga magoti mbele yake. "Namsifu, nilidhani nakuponya."

"Najua, dada. Inuka." Na siku ile ile Namsifu akashuka kituoni kutoa maelezo yake.

Mmoja hapa ananong'ona, eti angesema mapema. Nyamaza wewe! Aliyetenda ni Elikana, usimtafutie wa kumsaidia kuubeba mzigo wake.

Kesi ikasikilizwa, Elikana akafungwa. Njia ile, ambayo wanawake walikuwa wameikimbia tangu siku ile mpaka majani yakaifunika, ikafyekwa tena. Asubuhi moja, kutoka ndani ya ukungu, Nanzia akaita. Bonde likaitika! Watu walitoka milangoni wanalia na kucheka.

Kwa kuwa njia imefunguliwa upya, desturi ikadai jina. Kibao kikaandaliwa, patasi ikawekwa juu ya jiwe, ubishi ukaanza. Wengine wakasema iitwe ya Nakijwa, aliyevunja desturi yake mwenyewe, la sivyo ushahidi ungekwenda na kijito. Wengine wakamtaja Mbonea, ambaye leo anatembea kwa miguu kwa sababu aliwafikisha mapema. Wengine wakasema ni Namsifu, aliyemnyamazisha mbuzi na wazee pamoja, na hakujua usiku ule angelala kwa nani. Na wengi wakasema ni Nanzia, kwani bila maneno yake hao wote wangesimulia nini?

Wakamuuliza mwenyewe. Akakishika kibao.

"Mkiandika jina langu," akasema, "kila asubuhi nitaisoma siku ile nikienda shambani. Msipoliandika, mtakuwa mmenificha kama mlivyomficha Namsifu."

Akachukua jembe lake, akaingia njiani akiimba, ukungu ukamfunika, sauti ikabaki.

Kibao bado kitupu, na patasi iko pale pale juu ya jiwe. Wewe uliyekuwa unacheka nyuma, chukua hiyo patasi. Haya, ungechonga jina la nani?