Chungu cha Dengu Mbele ya Jeshi

Amiri Gulbaz wa Kandahar alivuka milima na wapanda farasi elfu ishirini kuja kuwapiga Wamaratha wa Bara Hindi. Ilikuwa safari yake ya tano, na kila mara alirudi kwao akijiita simba. Simba gani anayebeba mpaka masufuria ya watu! Alikuwa na jema moja tu: jemadari wake mmoja alipomwibia mtu aliyemlisha, Amiri alimkata jemadari huyo mkono.

Akaizingira ngome yao moja ndogo, akanguruma, "Fungueni lango kabla ya adhuhuri!"

Akatoka Sonabai, mpishi wa ngome, chungu cha dengu kichwani.

"Mkuu wetu amekuletea chakula, Amiri. Ila mimi nimemwambia utaogopa kukila."

Amiri akanusa. "Umetia sumu, bibi?"

"Kama una hofu, mpe mbwa wako. Nitawaambia ngomeni kwamba mwanamume hapa ni mbwa."

Askari wakaguna. Amiri, uso umemwiva kwa hasira, akakipokonya kile chungu, akala mbele ya jeshi lake lote mpaka akakikomba.

"Nimekula na sijafa!" akacheka, akipangusa ndevu. "Haya, lango!"

"Sumu haikuwemo," akasema Sonabai. "Ilikuwemo chumvi yetu. Kwenu, aliyekula chumvi ya mtu hamvamii. Sasa ukituvamia, mkono wako ataukata nani?"

Amiri akawageukia majemadari wake. Mmoja wao, asiye na mkono wa kulia, alikuwa ameshaanza kung'oa hema kwa ule wa kushoto.