Mikono ya Fulko Isiyokauka

Paukwa!

Pakawa!

Paliondokea askari mmoja Mnormani, jina lake Fulko. Mfalme wake alivuka bahari, akateka nchi ya Wawelisi, akajenga ngome ya mawe juu ya kilima. Akampa Fulko funguo. "Ilinde," akasema, akaenda zake.

Fulko akaishi na hofu. Akiona moshi kijijini, aliogopa. Akisikia kinubi, aliogopa. Akisikia kimya, aliogopa zaidi.

Chini ya ngome, ndani ya ghala la mvinyo, lilikaa zimwi lenye mabega mapana kama lango.

"We Fulko," likasema, "ukuta wako nimeubeba mgongoni, na tumbo langu tupu. Nipe mtu mmoja tu. La sivyo nauachia."

Basi Wawelisi wana desturi yao. Mgeni akikabidhi silaha yake mlangoni, kisha akakubali kuoshwa miguu, huyo ni mtu wa nyumba. Haguswi.

Siku moja akaja Kadeli, mrina asali, amebeba mtungi. Akamkabidhi Fulko shoka lake.

"Miaka mitatu tumekuwa majirani, bwana, na hatujasalimiana. Leo nimekuja."

Fulko akamwosha miguu kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akasema, "Shuka ghalani, ndugu yangu, ukachague mvinyo."

Kadeli akashuka. Hakupanda.

Basi mikono ya Fulko ikagoma kukauka. Akaifuta kwa kitambaa, haikukauka. Akaiweka motoni, haikukauka. Akaianika juani, haikukauka. Maji yakadondoka, to, to, to.

Akaja Tegwen, mkewe Kadeli. "Bwana, mume wangu alipita hapa?"

"Hakupita."

Maji yakadondoka, to, to, to.

Siku ya pili akarudi. "Bwana, mume wangu alipita hapa?"

"Alipita. Akaelekea mtoni."

Maji yakadondoka, to, to, to.

Zimwi likaita toka chini, "Nimesikia sauti ya mwanamke. Akirudi, niletee."

Siku ya tatu Tegwen akarudi. Akaweka kisu chake mlangoni, akavua viatu, akanyoosha miguu. "Nioshe, bwana. Mtu wa nyumba hadanganywi."

Fulko akapiga magoti. Akaitazama miguu ile, ina vumbi la njia, kisigino kimepasuka kwa kutafuta. Akashindwa.

"Mama," akasema, "mumeo nimemla mimi. Ya zimwi ni meno tu."

Tegwen akamtazama sana. "Shoka lake liko wapi?"

Fulko akalitungua ukutani, akashuka nalo.

"Ukinikata," likacheka zimwi, "ngome inaanguka."

"Na ianguke."

Akalikata kidole gumba, na humo kidoleni akatoka Kadeli, mzima. Wakapanda ngazi mbio. Walipofika nje pamoja na Tegwen, ukuta wote ukaporomoka juu ya zimwi.

Fulko akamnyooshea Kadeli shoka. "Nisamehe, ndugu yangu."

Kadeli akalipokea kwa ncha za vidole. "Shoka nimelipata," akasema. "Huo udugu sijui uliuweka wapi."

Akamshika mkewe mkono, wakashuka kilima.

Fulko akabaki langoni, lango lisilo na ukuta, akiosha miguu ya kila mpita njia aliyekubali. Si wengi waliokubali. Na mikono yake haikukauka mpaka anakufa. To, to, to.

Basi hadithi yangu imekomea hapo langoni. Mtu akiweka silaha yake kwako, amekuamini. Hofu yako isikufanye umtoe kafara.